Mashine Iliyopitia kwa Bibi

Vijana wa benchi, mwezi uliopita nilipokabidhi funguo za karakana mlinikatia keki, mkanivika shuka, na mmoja wenu akasimama akasema kwamba Fundi Naomi hajawahi kurudishiwa kazi. Nilinyamaza kwa sababu mdomo ulikuwa umejaa keki. Sasa keki imeshuka. Nilirudishiwa kazi, tena mara tatu, tena mashine ile ile, na kila mara nilikuwa nimeshaandika kwa mkono wangu mwenyewe kwamba ni nzima. Nimeona niwaandikie habari hiyo kabla hamjaanza kunitungia sifa nyingine.

Vyeo sitaviandika, kwani hatukuwa navyo. Karakana ilikuwa ya Mzee Kaaya na tulikuwa wawili tu, yeye na mimi. Mambo ya mshahara nayo muulizeni mume wangu, ndiye aliyekuwa akilalamika.

Nilianza enzi za ruksa, biashara ilipofunguliwa na mji wa Arusha ukajaa vitu ambavyo sisi wa chuo cha ufundi tulikuwa tumeviona kwenye picha tu. Televisheni zilizotumika, kompyuta zilizotumika, mashine za picha, vyote vinashuka kwenye makontena, na vingi vimekufa njiani. Mzee Kaaya alikuwa fundi wa redio kwenye kampuni ya umma. Kampuni ilipofungwa, wenzake wengine walirudi kulima kahawa, yeye akakodi chumba nyuma ya duka la vipuri karibu na stendi, akaweka benchi la mninga alilolichonga mwenyewe. Nilimkuta hapo, nikiwa binti wa Moshono mwenye cheti kipya na kiburi kisichopungua kilo tano.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Unajua kutengeneza televisheni?”

“Najua.”

“Haya. Ifungue ile.”

Nikaifungua. Nilikuwa bado sijaingiza mkono ndani aliponikamata kifundo cha mkono, kwa nguvu hata nikaona haya. Alivuta droo akatoa taa ya kawaida ya wati sitini, imefungwa kwenye soketi, na waya mbili zenye ncha za shaba zimezungushiwa utepe mwekundu. Akagusisha ncha kwenye kapasita kubwa ya ile televisheni. Taa ikawaka mwanga mkali, ikafifia, ikazima. Televisheni yenyewe ilikuwa imechomolewa ukutani tangu asubuhi.

“Huyu anaitwa Bibi,” akasema. “Hakuna kitu kinapanda benchi hili bila kupitia kwa Bibi. Umeelewa, mwanangu?”

Baadaye, si siku hiyo, aliniambia kwamba mdogo wake wa tumbo moja alikufa akiwa na bisibisi mkononi, kwenye mashine iliyochomolewa. Kapasita ni chombo cha kutunza umeme, na hakijali kama wewe umemaliza kazi. Aliniambia mara moja tu na sikuuliza tena. Tangu hapo nikawa nampa Bibi kila kitu. Redio, Bibi. Kompyuta, Bibi. Hata vibao vidogo vya volti tatu, ambavyo visingemshtua hata panzi, vyote nilivigusisha kwenye Bibi kwanza. Taa haikuwaka kwa volti ndogo hivyo, lakini umeme ulitoka, na mkono wangu ulishazoea kama mtu anavyonawa kabla ya kula.

Nilikaa na mzee yule miaka mingi nikimwangalia, na mpaka leo sijamwona fundi wa kumfikia. Alikuwa akisikiliza transfoma kwa kuweka bisibisi kwenye mfupa wa sikio. Alikuwa akinusa bodi iliyoungua na kukuambia ni kipande gani kabla hujaigeuza. Akishindwa alisema “nimeshindwa” kwa sauti ile ile ya kuagiza chai. Jambo hilo la mwisho ndilo lililonichukua muda mrefu kuliko yote kujifunza.

Sasa tufike kwenye mashine yenyewe. Mtandao wa intaneti ulikuwa umeshafika mjini, unalipia kwa nusu saa na ukurasa unafunguka ukimaliza kunywa soda, hospitali moja ya misheni kule kwenye miteremko ya Meru ilipotuletea mashine ya kumwangalia mgonjwa akiwa chumba cha upasuaji. Ile yenye kioo kinachoonyesha mapigo ya moyo na oksijeni ya damu. Ilitoka Ulaya ikiwa imetumika, haina betri, na bodi yake ya umeme ilikuwa imeungua mpaka shaba imejikunja. Bodi nyingine haikupatikana popote. Aliyeileta ni Sista Aikande, muuguzi wa dawa za usingizi, mama wa Kichaga mfupi, anayeongea taratibu huku macho yakikukagua.

“Fundi, hospitali nzima hii ndiyo peke yake,” alisema. “Bila hiyo nina vidole vyangu na mpira wa kupimia presha.”

Nikaamua kuijengea bodi mpya. Kazi yake ni kuchukua volti kumi na mbili na kuzishusha mpaka tatu na nukta tatu, volti zinazoliwa na ubongo wa mashine. Bodi za zamani zilishusha kwa transista moja inayofungua na kufunga kwa kasi ya ajabu, koili ya kulainisha mkondo, na dayodi chini yake. Dayodi huupa mkondo njia ya kuzunguka wakati transista imefunga, na ni mlango wa upande mmoja. Tatizo lake ni joto. Aina mpya iliyokuwa imeanza kutufikia ilitoa dayodi na kuweka transista ya pili mahali pake, na juu ya zote mbili kukaa aisii, kijisakiti kidogo kama punje ya mahindi kinachoziamrisha kwa zamu: wewe fungua, wewe funga, msifungue pamoja hata siku moja. Wakifungua pamoja, moshi.

Niliipenda ile aisii, nakiri. Kilichoniteka zaidi ni jinsi inavyoamka. Hairukii volti tatu na nukta tatu kwa pupa. Inajiwekea lengo la sifuri, kisha inalipandisha lengo polepole, na umeme unafuata nyuma yake mpaka unafika. Kwa hiyo kapasita zinajaa kwa adabu na hakuna kinachopasuka. Nilimwonyesha Mzee Kaaya kwenye osiloskopu, kifaa kinachochora umeme kwenye kioo, mstari unapanda kama barabara ya Olmotonyi, hauna shimo. Akavua miwani, akaivaa tena.

“Huyu amelelewa,” akasema.

Kwa sababu umeme wa kule mlimani ulikuwa ukiyumba, nikaongeza kapasita upande wa kutokea, mara mbili ya zile zilizotakiwa. Nilidhani ninaionea huruma mashine. Nikaipima siku mbili, ikawaka kila mara, nikaifungia kadi: “Imepimwa. Nzima. N.”

Wiki mbili baadaye ikarudi na barua fupi: umeme ukikatika na jenereta ikiwaka, mashine inagoma. Nikaipandisha benchi, Bibi kwanza, nikaichomeka. Ikawaka. Nikaizima nikaifungua, nikapima, Bibi tena, nikaichomeka. Ikawaka. Mara ishirini. Nikaandika kadi ya pili, “nzima,” na nikaongeza kwamba wahakikishe soketi yao haijalegea. Loo, nikikumbuka hiyo soketi!

Ikarudi tena. Ikawaka tena. Kadi ya tatu niliiandika kwa herufi kubwa, kama vile kosa la wale watu lilikuwa la macho.

Mara ya nne mashine haikuletwa na dereva. Sista Aikande aliingia mwenyewe asubuhi, mashine ameibeba kifuani imefungwa kwa kitenge. Aliiweka juu ya benchi. Mzee Kaaya alikuwa ameenda kanisani kwenye kikao cha wazee, kwa hiyo nilikuwa peke yangu. Akatoa kadi zangu tatu mfukoni akazipanga mbele yangu moja moja.

“Huu ni mwandiko wako?”

“Ni wangu, Sista.”

“Juzi mchana nilikuwa na mama mezani, tumbo limefunguliwa. Umeme ukaenda. Jenereta ikawaka, taa zikarudi, mashine yako haikurudi. Nikaizima nikaiwasha, nikaizima nikaiwasha. Kimya. Nikakaa na vidole viwili shingoni kwake na kumhesabia mapigo kwa mdomo ili daktari asikie, mpaka mshono wa mwisho ukafungwa.”

“Yu hai?”

“Yu hai, na mtoto yu hai. Lakini si kwa sababu ya kadi zako.”

Nilipaswa kusema pole. Badala yake, Mungu anisamehe, nilisema: “Labda mnaichomoa vibaya.”

Hakupandisha sauti. “Mdogo wangu,” akasema, “Ijumaa daktari anaipeleka stoo, haitarudi chumbani kwangu. Nina akina mama watatu wa kupasuliwa wiki ijayo. Kama unaamini kadi zako, njoo uiangalie ikiwa kwangu, si ikiwa kwako.”

Alipotoka nililia, kwa hasira kwanza, kisha kwa aibu. Mzee aliporudi nikamwambia yote, pamoja na ile ya kuchomoa vibaya. Akaniambia nipande mlimani kesho yake, na nichukue multimita nzuri ya kupimia volti, ile yake.

Barabara ya kule ilikuwa utelezi, gari likaishia njiani, nikamalizia kwa mguu katikati ya migomba na kahawa huku mashine iko mgongoni kama mtoto. Chumba cha upasuaji kilikuwa kitupu siku hiyo. Sista akanipa viatu vya ndani, akaiweka mashine mahali pake, akaiwasha. Ikawaka vizuri, kijani kibichi. Kisha akafungua dirisha akamwita mtu wa jenereta, “Kata!”

Giza kidogo. Nikahesabu kimoyomoyo. Jenereta ilikohoa, ikashika, taa zikarudi. Nilikuwa nimefika kumi na mbili. Mashine ilikuwa nyeusi.

“Unaona?” akasema.

Niliona. Yesu wangu, niliona. Nikaizima na kuiwasha. Kimya. Akaniambia tukanywe chai, ndivyo wanavyofanya siku zote. Tulipomaliza kikombe, akabonyeza swichi. Ikawaka bila kinyongo.

“Sista,” nikasema huku nikifungua mfuniko wa nyuma, “tukate tena. Safari hii usiguse kitu.”

Wakakata. Kabla jenereta haijashika nilikuwa nimeshaingiza ncha za multimita kwenye bodi yangu. Mashine imekufa, kioo cheusi, hakuna umeme popote, na multimita inanisomea volti mbili na kitu. Zile kapasita zangu za huruma zilikuwa bado zimeshikilia umeme. Ubongo wa mashine ukishuka chini ya kiwango chake huacha kula, kwa hiyo hakukuwa na wa kuzimaliza. Nikabaki nimechuchumaa pale sakafuni, nikamwona Bibi mawazoni.

Sisi wa Moshono tumekulia kwenye mifereji ya kumwagilia, kwa hiyo niwaeleze kwa mfereji. Aisii ikiamka inajiwekea lengo la sifuri, si nilisema? Inaangalia shambani, inakuta maji tayari yamefika magotini. Kwake hayo ni mafuriko. Basi inafungua mlango wa chini, yaani ile transista ya pili, kwa nguvu zote iyamwage. Ingekuwa dayodi, mlango wa upande mmoja, yasingerudi. Lakini transista inapitisha huku na huku, na mkondo ukarudi kinyumenyume kwa kishindo kupitia koili. Ulinzi wa aisii ukaona mkondo wa kutisha, ukadhani kuna kitu kimeungua, ukafunga kila kitu na kubaki umefunga. Yote hayo kabla hujapepesa jicho, na kapasita bado zina sehemu kubwa ya umeme wake. Ukizima na kuwasha haraka, hadithi ni ile ile. Ukinywa chai, umeme unavuja wenyewe mpaka sifuri, na aisii inaamka kwa adabu zake zote.

Na kwangu, kwenye benchi la mninga, kila mara kabla ya kujaribu nilimpa Bibi. Nilikuwa nikiufuta ugonjwa kwa mikono yangu mwenyewe, kisha naandika kwamba hakuna ugonjwa.

“Ni kosa langu,” nikamwambia Sista. “Nyie hamkuchomoa vibaya.”

“Hilo nalijua,” akasema. “Nataka kujua kama linatibika.”

Nikamwambia dawa ya haraka: niweke kichelewesho, mashine isijaribu kuwaka mpaka dakika tatu zipite. Akaniangalia. “Dakika tatu? Aliyelala hapa ana dakika tatu?” Nikafunga mkoba, nikaibeba mashine tena mgongoni.

Njia nzima ya kushuka sikuwaza aisii. Niliwaza nitamwambiaje mzee. Kanuni ile ilikuwa ya mdogo wake. Ningemwambiaje mtu kwamba kaburi la ndugu yake ndilo lililonidanganya mara tatu, na karibu liue mama wa watu? Nilimkuta anachomea waya. Nikamwambia nimesimama, bila kuvua koti. Alizima kifaa chake cha kuyeyushia risasi, akakiweka kwenye kishikio.

“Kwa hiyo Bibi anamwogesha mgonjwa,” akasema, “anampaka mafuta, anamvika nguo safi, ndipo daktari anamwona.”

“Ndiyo, mzee.”

“Na mimi ndiye niliyekufundisha.”

“Lakini mzee, Bibi ameniokoa mara nyingi sana.”

“Najua alichokuokoa nacho,” akasema. “Nami nilikufundisha kanuni, sikukufundisha ni ya nini. Bibi ni kwa ajili ya mkono wako. Si kwa ajili ya kipimo. Nimeshindwa hapo.” Akavuta droo, akamtoa Bibi, akamfunga kwenye kitambaa na kumweka kabatini juu. “Mashine hii ataiona tukishaipima, si kabla.”

Siku ile ile nilikwenda kwenye duka la intaneti nikasoma karatasi za aisii mpaka mwenye duka akaniletea kiti chenye mto. Nikakuta waliotengeneza wenyewe walishagundua jambo hili, wakatoa aina nyingine. Hii, jamani, ndiyo niliyoivulia kofia. Inapoamka, inaangalia kwanza kuna nini. Ikikuta volti mbili, mlango wa chini inauacha umefungwa, wala haimwagi kitu. Lengo lake linapanda kimya kimya kutoka sifuri, na likifika kwenye zile volti mbili ndipo inapoanza kazi, kutoka hapo hapo kwenda juu. Haivunji ilichokikuta. Nimewaona wakuu wa idara wachache sana walioingia ofisini namna hiyo.

Tuliagiza Nairobi, zikaja kwa basi Jumatano, tatu zimefungwa kwenye karatasi ya dhahabu kama pipi. Ya kwanza niliiunguza kwa haraka zangu. Ya pili ikakaa. Alhamisi tulipima. Mzee Kaaya alikaa kwenye swichi, mimi kwenye osiloskopu. Alikata kwa sekunde moja, akawasha. Sekunde tano. Kumi na mbili. Thelathini. Dakika. Kila mara mstari ulianzia pale umeme ulipoachwa ukapanda bila kuinama. Tulifanya hivyo mpaka kidole chake kikaota lengelenge, na hakuniachia swichi hata nilipomwomba. Nilipochukua kadi kuandika “nzima,” akaniwekea mkono juu ya kalamu.

“Andika tulichokifanya,” akasema. “Nzima atasema Sista.”

Ndiyo maana kadi zetu mpaka leo hazina neno hilo, na ndiyo maana ninyi mnanung’unika mkiandika mistari sita.

Ijumaa asubuhi alipanda nami mlimani, umri ule, kwa mguu, akipumzika kwenye kila kona na kusingizia kwamba anaangalia kahawa za watu. Wahudumu wawili walikuwa wameshakuja na kitoroli kuipeleka stoo. Mzee akavua kofia mbele ya Sista Aikande, aliyekuwa mdogo kwake kwa miaka ishirini na zaidi.

“Sista, kosa lilikuwa la karakana yangu,” akasema. “Huyu binti alifuata nilichomfundisha. Ameligundua yeye.”

Sista akafungua dirisha. “Kata!”

Wakakata mara nne. Mashine ikarudi mara nne, na mara ya nne Sista aliwaambia wale wa kitoroli wakatafute kazi nyingine.

Nilingoja wiki nzima. Ninyi mnaonijua mnajua mimi si mtu wa kungoja. Nilijua akina mama watatu wamepasuliwa, nilijua mgao ulikuwa mkali, kwa sababu hata mjini tulikatiwa kila mchana. Hakukuja barua wala dereva. Mwishowe nikashindwa, nikaenda posta nikapiga simu hospitali, wakamwita Sista, nikasikia viatu vyake vinakuja kwenye korido.

“Sista Aikande, ni Naomi. Nauliza hali.”

“Wazima wote watatu, aika sana, asante, mdogo wangu. Mmoja amejifungua pacha! Na mmoja wa hao pacha tumempa jina la…”

“Umeme haukukatika?”

“Ulikatika! Kila siku. Jana mara mbili kwa mgonjwa mmoja.”

“Na mashine?”

Sauti yake ilikuwa ya mtu anayejaribu kukumbuka.

“Mashine gani?” akasema.

Niliweka simu chini, nikarudi karakana nikikimbia, mtu mzima mwenye watoto wawili, nikamwambia Mzee Kaaya alichosema: mashine imefanya kazi mpaka imesahaulika. Aliweka chini kazi iliyokuwa mkononi. Alivua miwani akajifuta macho kwa kitambaa kile kile alichokuwa amemfungia Bibi, na hakuniambia kwamba ni vumbi.